Kutoka Jamhuri hadi Jamhuri: Pambano linalochezwa na matairi

UWANJA wa Jamhuri uko Dodoma. Uwanja wa Jamhuri uko pia Morogoro. Kati ya viwanja hivi viwili vyenye jina moja kuna barabara ya lami ya takriban kilomita 260, na kwa timu nyingi za Ligi Kuu hapo ndipo linapopigwa pambano gumu kuliko yote ya msimu. Halina refa, halina mashabiki jukwaani, na ukifungwa hakuna mechi ya marudiano.

Kila mpenda soka anajua safari ya ugenini inavyokuwa. Filimbi ya mwisho inapulizwa jioni, wachezaji wanaoga chapchap, mabegi yanapakiwa, chakula kinagawiwa mlangoni mwa basi na safari inaanza giza likiingia. Mashabiki nao wanarudi kwenye Coaster na Noah zao, bendera dirishani, ngoma zinaendelea kupigwa. Kesho watu wana kazi. Njiani kila anayepiga simu anauliza mabao tu. Hakuna anayeuliza tairi la mbele kushoto lina upepo kiasi gani.

Swali hilo ndilo lilipaswa kuulizwa kwanza. Kinachoishikilia timu nzima barabarani, kuanzia kipa, straika, benchi la ufundi hadi daktari, si jina la klabu wala ukubwa wa basi. Ni vipande vichache vya mpira vinavyogusa lami.

Barabara hii ya Dodoma ina historia yake. Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki dunia kwa ajali ya gari eneo la Dakawa, mkoani Morogoro, akitoka Dodoma kurudi Dar es Salaam. Leo mashabiki wanajaa Uwanja wa Sokoine pale Mbeya, wanaimba, wanashangilia, na wengi hawakumbuki kwamba mwenye jina hilo alichukuliwa na barabara.

Soka lenyewe nalo lina majeraha yake. Mei 2012 Simba ilimpoteza kiungo wake, Patrick Mafisango, kwa ajali ya gari jijini Dar es Salaam. Julai 2021 basi la Polisi Tanzania lilipata ajali mjini Moshi timu ikitoka mazoezini tu, wala si safari ndefu, na mshambuliaji Gerald Mdamu akavunjika miguu yote miwili. Kisha Februari 2025 ikawa zamu ya Walima Zabibu wenyewe. Basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi, timu ikitoka Ruangwa kucheza na Namungo. Wachezaji waliumia, na Bodi ya Ligi ikalazimika kuahirisha mechi yao na Simba.

Kila ajali ina chanzo chake na uchunguzi wake. Lakini sheria za kisayansi zinazoamua kama gari litasimama, litageuka au litapinduka ni zilezile kila mahali, na watafiti wamezisoma kwa miaka mingi. Shabiki hahitaji kuwa injinia kuzielewa. Akielewa mpira, nusu ya kazi imekwisha.

KURASA SITA ZA DAFTARI

Tazama tairi la gari dogo linavyokaa barabarani. Sehemu inayogusa lami kwa wakati mmoja ni kama kiganja cha mkono. Kwa hiyo Noah iliyobeba mashabiki saba inashikiliwa na viganja vinne tu.

Basi kubwa la timu lina nafuu kidogo, lakini si kubwa kama watu wanavyodhani. Kila tairi linagusa lami kwa eneo linalokaribia ukurasa mmoja wa daftari la shule. Basi la ekseli mbili lina matairi sita, mawili mbele na manne nyuma. Hizo ni kurasa sita. Juu ya kurasa hizo kuna zaidi ya tani kumi za chuma, mafuta, mabegi na binadamu.

Kazi zote za basi zinafanywa na kurasa hizo: kuondoka, kufunga breki, kukata kona, kukwepa ng'ombe pale Chamwino au lori lililoegeshwa vibaya karibu na soko la mahindi la Kibaigwa. Breki ziwe nzuri kiasi gani, zenyewe husimamisha gurudumu tu. Linalosimamisha gari ni tairi, kwa kung'ang'ania lami.

Mchezaji anaijua hali hii miguuni. Mpe winga daluga zilizokwisha njumu, nyasi zimelowa, halafu mwambie ageuke ghafla. Mapafu yake ni mazima, misuli ni mizima, kasi anayo, lakini atakwenda chini. Tairi kipara ni daluga isiyo na njumu.

DAKIKA 15 ZA MAPUMZIKO

Sheria ya usalama barabarani inataka basi lisizidi kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye maeneo ya makazi. Wengi wanaona 80 ni mwendo wa konokono, hasa kwenye sehemu ndefu zilizonyooka baada ya Gairo, ambako lami inaonekana mbele hadi inapotelea kwenye upeo wa macho. Tuseme dereva anakanyaga hadi 100. Kwani kilomita 20 ni nini?

Hesabu yake ni hii. Kwa mwendo wa 80, basi linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva akiona punda barabarani, kuanzia kuona, kuamua hadi mguu kukanyaga breki, inapita kama sekunde moja na nusu. Hapo basi limeshakula mita 33 likiwa na mwendo uleule, yaani mara mbili ya kina cha boksi la penalti. Baada ya hapo breki zinaanza kazi. Kwenye lami kavu, matairi yakiwa mazuri, basi linahitaji mita nyingine kama 42. Jumla ni mita 75.

Kwa mwendo wa 100, jumla hiyo inafika takriban mita 107. Uwanja wa kawaida wa mpira una urefu wa mita 105. Ina maana dereva aliyeanza kushtuka akiwa kwenye goli moja anasimama akiwa ameshapita nyavu za goli la pili.

Sababu ni kwamba nguvu inayobebwa na gari haipandi sawa na mwendo, inapanda kwa mraba wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa breki unaongezeka mara nne.

Kuna jambo jingine ambalo madereva wengi hawalijui. Weka mabasi mawili sambamba, moja kwenye 80 na jingine kwenye 100. Madereva wote wanamwona punda kwa wakati mmoja na wote wanafunga breki kwa nguvu ileile. Pale ambapo basi la kwanza limesimama kabisa, la pili linapita likiwa bado na mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa. Tofauti ya 20 mwanzoni imezaa tofauti ya 70 mwishoni.

Na faida yake? Katika kilomita 100 za barabara iliyo wazi, mwendo wa 100 unaokoa dakika 15, yaani muda wa mapumziko kati ya kipindi cha kwanza na cha pili. Hapo bado hujatoa vijiji, matuta, mizani na malori ya kupishana.

FOMULA YA MIUJIZA

Katika soka la Bongo, mambo ya miujiza huzungumzwa getini kabla ya mechi ya watani. Kumbe hata wanasayansi wa matairi wanayo ya kwao.

Profesa Hans Pacejka wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, alitumia maisha yake kuchunguza namna tairi linavyong'ang'ania barabara. Miaka ya 1980, yeye na wenzake walitengeneza hesabu inayoeleza tabia hiyo kwa usahihi mkubwa hivi kwamba ikapewa jina la Fomula ya Miujiza. Mpaka leo wahandisi wa magari wanaitumia kujaribu gari kwenye kompyuta kabla halijagusa barabara.

Funzo lake kubwa linaweza kusemwa bila hesabu. Tairi linashika vizuri zaidi pale linapokaribia kuteleza. Ukizidisha hapo, likaanza kuteleza lenyewe, nguvu ya kushika inashuka badala ya kupanda. Ndiyo maana dereva anayekanyaga breki hadi magurudumu yakafunga kabisa anakwenda mbali zaidi kwenye lami iliyolowa, tena usukani haumsikii. Ni kama beki aliyekwisha kujirusha chini kuteleza na mpira: akishaondoka na nyasi, hawezi tena kubadili mawazo. Breki za ABS zilibuniwa kwa sababu hiyo, ziachie na kukamata kwa haraka ili tairi libaki pale linaposhika zaidi.

Funzo la pili ni kwamba tairi lina bajeti moja tu. Nguvu inayotumika kufunga breki haiwezi kutumika tena kukata kona. Ukitoka Dumila kupanda kuelekea Gairo, barabara inapinda huku na huku milimani. Dereva anayerudi Morogoro anateremka kona hizohizo. Akiingia kwenye kona na mwendo mkubwa halafu akakanyaga breki katikati, analiomba tairi lilipe madeni mawili kwa fedha ya deni moja. Dereva mzoefu anapunguza mwendo wakati gari bado limenyooka, kisha anaingia kwenye kona mguu ukiwa mwepesi.

JOTO LA UWANDA WA KATI

Dodoma haina mvua kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Jua linapiga, lami inachemka, na safari ni ndefu zilizonyooka. Kwa tairi lenye upepo mdogo, hayo ni mateso.

Tairi lenye upepo pungufu linakunjika zaidi kila linapozunguka. Chukua kipande cha waya, kikunje na kukikunjua mara nyingi, kisha kiguse: kitakuwa cha moto. Ndivyo ilivyo ndani ya tairi, mamia ya mara kila dakika. Joto linapanda, mpira na nyaya za chuma zinaanza kuachana, na siku moja mchana kweupe linapasuka.

Dunia ililipa gharama kubwa kujifunza hilo. Agosti 2000, kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya ngozi za matairi hayo kubanduka barabarani na magari kupinduka. Zaidi ya watu 200 walikufa. Kesi nyingi zilitoka kwenye majimbo ya joto kama Texas, Florida na Arizona. Katika mabishano yaliyofuata, upepo ulikuwa hoja kubwa: Ford ilikuwa imependekeza 26, wakati Firestone ilisimama kwenye 30. Tofauti ya nne tu, ikiungana na joto, mzigo na mwendo, ilitosha kuwa mada ya kesi na vikao vya bunge lao.

Kipo pia kitu ambacho jicho halikioni haraka: umri. Mpira unazeeka hata kama tairi limelala stoo. Ubavuni mwa kila tairi, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho. Ukisoma 1223, maana yake lilitengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2023. Ukisoma 0814, hilo ni la mwaka 2014, hata kama muuzaji wa mtumba amelipaka rangi nyeusi likang'aa. Linaweza kuwa na njumu za kutosha na bado likawa mzee wa kustaafu.

Likipasuka la mbele, mguu wa dereva hukimbilia breki. Ni kosa. Usukani unavutwa upande wa tairi lililopasuka, na breki ya ghafla inalimalizia gari. Kinachotakiwa ni kushika usukani kwa mikono miwili, kulinyoosha gari, kuachia mafuta taratibu na kuliacha lipoteze mwendo lenyewe.

MVUA YA KWANZA

Ligi inaanza jua likiwa kali. Kufikia mwisho wa Novemba au Desemba, mzunguko wa kwanza ukiwa umenoga, mvua ya kwanza inaipiga Dodoma. Wakulima wanashukuru Mungu. Dereva anatakiwa kuogopa.

Kwa miezi yote ya kiangazi, lami imekusanya mafuta ya malori, unga wa matairi na vumbi jekundu linalopeperushwa na upepo. Matone ya kwanza hayaoshi uchafu huo, yanaukoroga. Dakika za mwanzo za mvua ya kwanza barabara inateleza kama sabuni, kuliko hata baada ya saa nzima ya mvua kubwa. Kwenye lami iliyolowa, basi la mwendo wa 80 lililokuwa linahitaji mita 75 kusimama, sasa linaweza kuhitaji zaidi ya 95. Kwa mwendo wa 100 zinakuwa kama 140.

Malori nayo yanaongeza lake. Barabara ya Kati ndiyo njia ya mizigo ya bandari kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Ndiyo kazi ya mizani kama ile ya Nala. Si ushuru wa bure. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa barabara unaongezeka kama mara 16. Lami inabonyea, inafanya mifereji miwili pale magurudumu yanapopita, na mvua ikinyesha mifereji hiyo inakuwa vijito.

Hapo ndipo gari dogo linapopatikana. Mwaka 1963, watafiti wa NASA waliokuwa wakichunguza ndege zinazotua kwenye maji waligundua kwamba mwendo ambao tairi linaanza kuelea unategemea upepo wake. Maji yakiwa mengi kuliko njumu zinavyoweza kuyatoa, gari dogo lenye upepo wa 30 linapoteza ardhi kwenye mwendo wa kama kilomita 90 kwa saa. Upepo ukiwa umeshuka hadi 20, linaelea kwenye 75 tu. Basi, kwa sababu upepo wake unakaribia 120, haliinuki kirahisi hivyo. Kwa hiyo Noah inayolifuata basi la timu kwa nyuma, mwendo uleule, mvua ileile, haimo kwenye usalama uleule. Basi linapita. Noah inaelea.

BEKI MREFU, WINGA MFUPI

Wachezaji wafupi kama Maradona walisumbua mabeki kwa sababu uzito wao ulikuwa karibu na ardhi. Waligeuka popote. Beki mrefu akigeuzwa ghafla, mwili wa juu unakwenda huku na miguu kule.

Basi ni beki mrefu. Kila begi linalowekwa juu ya keria linamfanya awe mrefu zaidi. Ndiyo maana vifaa vya timu, mipira, magoli madogo ya mazoezi na katoni za maji, vinapaswa kukaa kwenye buti, chini kabisa. Na hapa mashabiki wanahusika moja kwa moja. Coaster iliyojaa watu waliosimama wakicheza, wengine wametoa viwiliwili dirishani, wengine wamekaa juu ya keria, imepandisha uzito wake juu. Kona ambayo asubuhi ilipitika bila shida, jioni inaweza kuipindua.

Mtego mwingine ni pembeni ya lami. Gurudumu la kushoto likitoka kwenye lami na kushuka kwenye udongo laini, dereva anashtuka na kukata usukani kulia kwa nguvu. Tairi linakwama kwenye ukingo wa lami, kisha linaukwea ghafla, na gari linaruka kuelekea upande wa pili au kubiringika. Dawa yake ni uvumilivu: achia mafuta, lishike gari lilivyo, mwendo ukishuka ndipo urudi taratibu.

Timu zinazokwenda Kirumba au Kaitaba zina mtihani mwingine mbele ya Singida: mteremko wa Sekenke, wilayani Iramba. Pale breki zikitumiwa peke yake kuanzia juu hadi chini zinapata moto, zinanuka, kisha zinaacha kushika. Basi linatakiwa kuteremka kwenye gia ya chini, injini ndiyo ilizuie, breki zisaidie tu. Gia inachaguliwa kabla ya mteremko kuanza. Katikati umechelewa.

KIPA WA MWISHO

Baada ya matairi anabaki dereva. Yeye ndiye kipa wa mwisho, na mara nyingi ndiye mtu aliyechoka kuliko wote ndani ya basi.

Ameamka alfajiri, ameileta timu, amesubiri mechi juani, na sasa anaambiwa wageuze usiku uleule. Mwaka 1997 watafiti nchini Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Hajagusa bia, lakini mikono na macho yake viko kama aliyekunywa.

Usiku wenyewe una hesabu yake. Taa za chini zinaonyesha mbele kiasi cha mita 40 hadi 60. Basi la mwendo wa 80 linahitaji 75 kusimama. Kwa hiyo dereva akipishana na gari jingine na kushusha taa, kwa sekunde kadhaa anaendesha kuelekea mahali asipopaona. Lori bovu lililoachwa barabarani na matawi ya miti badala ya viakisi linamsubiri hapohapo.

Klabu kubwa zimeanza kukwepa. Tangu treni ya SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024, timu yenye fedha inaweza kufika Makao Makuu ya Nchi bila kugusa lami, na kwenda mbali zaidi kwa ndege. Timu ndogo hazina hiari hiyo. Kwao hoteli ya usiku mmoja kwa watu 30 ni fedha nyingi, na inapokatwa bajeti, usiku huo ndio unaokatwa kwanza. Seti mpya ya matairi inafuata.

Hapo ndipo uongozi wa klabu unapoingia, kabla ya dereva kulaumiwa. Dereva hajipangii ratiba wala hanunui matairi. Basi la klabu limejaa vijana wanaotaka kufika nyumbani, hakuna abiria wa kulalamika kwamba mwendo umezidi. Anayeweza kusema “tunalala hapa, tunaondoka alfajiri” ni kiongozi. Wachezaji nao wana sauti, na wana mkanda wa kufunga kwenye kiti, ambao wengi huukalia.

Kipimo cha upepo ni kitu kidogo cha kukaa mfukoni. Kupima matairi sita yakiwa bado ya baridi, asubuhi kabla ya safari, hakumalizi hata dakika kumi. Kusoma tarakimu nne ubavuni ni kazi ya kuinama mara moja kwa kila tairi. Kujua dereva amelala saa ngapi ni kumuuliza tu.

Kila timu ina mtunza vifaa. Kabla basi halijatoka uwanjani, mtu huyu huhesabu jezi, huhesabu mipira, koni, vizibao na chupa za maji, na kimoja kikikosekana basi linasubiri. Kwenye karatasi yake kuna nafasi ya mstari mmoja zaidi: matairi, sita.